Suruali ya Waziri wa Kupungua

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Sheria inasema jina la nchi likitajwa, kila aliyelisikia asimame wima, na mimi goti la kushoto linanisumbua tangu masika. Hata Mkuu wetu nitamwita Mtukufu tu, maana jina lake kamili likitamkwa ni lazima uinue mikono yote miwili juu, na kama ulikuwa umebeba ndoo ya maji au mtoto, hilo ni lako. Msomaji, naomba uikumbuke sheria hii. Ni sheria nzuri na ilitufaa sana.

Mimi ni raia mwema. Sina neno na serikali, nayo haina neno nami, na sote tungependa ibaki hivyo. Haya ninayoyasimulia ni ya kuisifu Kampeni ya Kupungua, ambayo watu wasio na shukrani wameanza kuisema vibaya.

Kampeni ilianzia ng'ambo, kama mambo yetu mengi mema. Mtukufu alikwenda kutibiwa huko kwa kuwa hospitali zetu ni nzuri mno, hakutaka kuwanyima wananchi nafasi. Daktari wa huko, mtu asiye na adabu, alimtazama toka juu hadi chini, akasema kwa lugha yake kwamba mgonjwa huyu ana uzito uliopita kiasi. Mkalimani wa Mtukufu alikuwa bwana mmoja aitwaye Kishindo.

"Daktari anasema wewe ni mtu mzito sana, Mtukufu."

Mtukufu alifurahi. Alimvua nishani mlinzi wake aliyekuwa karibu, akamvisha daktari.

Daktari aliiweka nishani mezani, akasema kwamba uzito huo usipopunguzwa upesi, moyo utasimama. Kishindo alikuwa na mke, watoto na kiwanja alichokuwa ameanza kujenga. Neno kama hilo halikuweza kutoka mdomoni mwake.

"Anasema kuna uzito mwingi mno. Inabidi upunguzwe upesi."

"Uzito upi?"

"Wa… wa nchini, Mtukufu. Wananchi wamekuwa wazito. Wanakulemea moyo."

Mtukufu akajishika kifua. Kwa muda mrefu alikuwa akihisi kitu kinamlemea hapo, na sasa amekijua. Siku waliyorudi, Wizara ya Kupungua iliundwa pale pale uwanja wa ndege, na aliyeteremka ngazi nyuma ya Mtukufu hakuwa tena mkalimani. Alikuwa Mheshimiwa Waziri Kishindo.

*

Waziri alitangaza redioni kwamba kila mtu mzima apunguze kilo nne kabla ya Siku ya Wepesi. Atakayeshindwa atatambuliwa kuwa Mzigo wa Taifa, na Mzigo wa Taifa haruhusiwi kuonekana penye mkusanyiko wa watu, iwe mpira, iwe ngoma, iwe harusi, iwe maziko, isipokuwa maziko yake mwenyewe. Viongozi walisamehewa. Waziri alieleza bungeni, akapigiwa makofi na meza, kwamba uzito wa kiongozi si nyama, ni wadhifa, na kumpunguza kiongozi ni kuipunguza serikali.

Methali "haba na haba hujaza kibaba" ikafutwa mashuleni kwa kuchochea unene. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" nayo ikachunguzwa, na mpaka leo haijaachiwa. Kila kata ilipewa Mtia Moyo, mtumishi mwenye filimbi na fimbo, ambaye kazi yake ni kuwatia moyo wanaokata tamaa. Wa kwetu aliitwa Bwana Mdoe, mtu mwenye bidii. Wiki ya kwanza tu, watu watatu mtaani kwetu walitiwa moyo mpaka wakalazwa.

Sasa nimlete jirani yangu, Bi Sikudhani, ambaye tunachangia ukuta. Ni mjane, fundi cherehani, na mwanamke mnene. Hakuwahi kuuficha unene wake, kwani zamani nchini kwetu mtu ukimwambia "umenawiri" alikukaribisha chai. Ana mtoto mmoja tu, Hidaya, na harusi ya Hidaya ilikuwa imepangwa wiki moja baada ya Siku ya Wepesi. Bi Sikudhani alitaka jambo moja duniani: kumshika mkono binti yake na kumtoa chumbani mbele za watu, kama mama yake alivyomtoa yeye. Kilo nne zilisimama katikati ya mlango.

Kupima kwa mwanzo kulifanyika uwanja wa mpira, kwa mzani wa magunia ya pamba, na Waziri alikuja mwenyewe kuzindua, akapimwa wa kwanza, namba yake ikaandikwa daftarini. Alimwona Bi Sikudhani foleni ikiwa ndefu bado, akaamuru aletwe mbele. Alipopanda, Waziri akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Tuliazima mzani wa magunia tukiwa na mashaka kama utafaa. Kumbe gunia lenyewe limekuja kwa miguu!"

Watu wakacheka. Tulicheka sote, maana pembeni walisimama vijana wawili wa wizara wakiangalia nani hacheki. Wakwe watarajiwa walikuwepo, nao wakacheka. Hidaya alikuwa amesimama hatua chache kutoka mzanini, ameshika viatu vya mama yake.

"Haya ndiyo yanayomlemea Mtukufu!" Waziri aliendelea, akampiga Bi Sikudhani begani kama mtu apigapo mfuko kuona una nini. "Mama, ukipanda tena hapa nataka nione umebaki nusu."

Bi Sikudhani aliteremka, akavaa viatu, akaenda nyumbani. Jioni alinikuta barazani kwangu.

"Jirani, nilikuwa sijui nitaanzaje huku kupungua," alisema. "Sasa namshukuru Waziri. Amenipa sababu."

Nilidhani anamsifu Waziri, nikafurahi.

*

Alianza kesho yake. Aliacha sukari kwenye chai, akaacha chapati za usiku, akawa anatembea alfajiri hadi daraja la reli na kurudi. Wiki ya kwanza, kwenye mzani wa kata, alipungua nusu kilo. Wiki ya pili hakupungua kitu. Wiki ya tatu, baada ya mchicha mwingi ambao ungemshinda mbuzi, mzani ulionyesha ameongezeka kidogo.

Bwana Mdoe alikuja mlangoni na filimbi yake.

"Bi Sikudhani, una moyo?"

"Ninao."

"Uko wapi? Mbona wizara haiuoni?"

"Natembea kila siku, baba. Nakula majani. Mwili ndio hautaki."

"Basi mwili wako umegoma," alisema Bwana Mdoe, akashusha sauti kwa huruma, "na kugoma ni kosa la jinai. Nisingependa nikukamate, lakini mwili nitaukamata, na wewe utalazimika kuusindikiza."

Usiku ule nilimsikia Bi Sikudhani akilia upande wa pili wa ukuta. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na mtu akilia kwa hasira utamjua, hupiga vitu. Mke wangu alikwenda, nami nikafuata. Tulimkuta amekaa kwenye cherehani, Hidaya yuko miguuni pake.

"Mama, tuahirishe," Hidaya alikuwa akisema. "Watu watangoja. Au nitoke na shangazi, wewe utatusikia ukiwa ndani."

"Nikusikie? Nimekuzaa nikusikie?" Bi Sikudhani alimshika kidevu. "Sikiliza, mwanangu. Kilo haziniumi. Mimi naujua mwili wangu, nimeishi nao. Kinachoniuma ni kwamba alinigeuza gunia wewe umeshika viatu vyangu, na mimi nikakaa kimya. Sitaahirisha. Nitakutoa kwa mkono wangu, na yule bwana nitamwona akiteremka mzani ule ule."

Mke wangu ndiye aliyeona gauni. "Shoga, hebu simama. Hili gauni mbona linapwaya?"

Kweli lilipwaya, upana wa kidole hivi kila ubavu. Mzani wa serikali haukuliona hilo, labda kwa kuwa haukuagizwa kuliona. Bi Sikudhani alijishika ubavu, akajishika tena. Alilivua gauni pale pale mimi nikiwa nimegeukia ukuta, akalipitisha kwenye cherehani. Tangu siku ile hakuutazama tena mzani kwa macho ya kuomba. Kila gauni lilipoachia aliubana mshono, na kila aliposhona alilitaja jina la Waziri polepole, kama mwingine atajavyo jina la Mungu. Mimi nilichukulia kuwa ni uzalendo.

*

Ikatokea kwamba Waziri alirudi kata yetu kukagua moyo. Alipanda jukwaani, akawaambia wananchi uvivu ndio adui, akaamua kutuonyesha jinsi ya kugusa vidole vya miguu bila kukunja magoti. Aliinama. Suruali ikapasuka nyuma kwa sauti iliyofika sokoni, na wananchi wakapiga makofi wakidhani ndivyo zoezi linavyoisha.

Dereva alimkimbiza kwa fundi wa karibu. Fundi wa karibu alikuwa Bi Sikudhani.

Nilikuwepo, nimekwenda kuchukua koti langu, kwa hiyo niliona kila kitu. Waziri alikaa kwenye kiti cha wateja amejifunga kanga ya Bi Sikudhani, yenye maandishi MPIKA MAJUNGU KAULA WA CHUYA. Alimtazama fundi usoni kwa muda mrefu tu wala hakumkumbuka. Wahenga walisema mtenda husahau.

"Vitambaa vya siku hizi vinarudi sana," alisema Waziri.

"Vinarudi, Mheshimiwa," alijibu Bi Sikudhani, sindano mdomoni. "Ukivifua mara moja tu vinarudi. Mwenye nguo anasingiziwa bure."

"Ndicho ninachomwambia mke wangu!"

"Wewe mbona umepungua. Umekwisha, Mheshimiwa. Kazi za watu zimekumaliza."

Waziri alinyanyua kichwa. Nadhani tangu awe Waziri hakuna aliyemwambia jambo lililomgusa vile. "Unaona hivyo?"

"Mimi fundi. Jicho langu ni futi. Ngoja nikushonee hapa, na hiki kiuno nikibane kidogo, kinakupwaya."

Akageuka kwenye cherehani. Mimi si fundi, lakini nilimwona akichukua kipande cha kitambaa cha rangi ile ile kutoka kapuni, na nikajiuliza kwa nini mtu anayebana nguo anaongeza kitambaa. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Waziri alipoivaa, kiuno kilimwachia nafasi ya kupitisha kiganja. Akakipitisha. Akakitoa, akakipitisha tena. Machozi yalimlengalenga.

"Nimepungua," alisema. "Bila kuacha kitu chochote! Mama, unaitwa nani?"

"Sikudhani, Mheshimiwa."

"Sikudhani! Kuanzia leo nguo zangu zote utabana wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila wiki dereva alileta suti, na kila wiki Bi Sikudhani alizibana kwa namna yake. Gauni lake likiingia ndani kidole kimoja, suruali ya Waziri ilitoka nje vidole vitatu. Upande mmoja wa meza alijipunguza yeye kwa taabu, chembe kwa chembe. Upande wa pili alimpunguza Waziri bila taabu yoyote. Niliwahi kumuuliza kama hachoki, maana kilo zake zilikuwa zinashuka kwa kusuasua mno. Aliniambia kwamba kuna siku anaamka hataki hata kuliona daraja la reli, miguu inamuuma na roho inataka chapati. Basi hukumbuka lile kofi la begani, anavaa viatu.

Waziri, yeye, kila akiona suruali inampwaya alijipongeza kwa mguu wa mbuzi. Wasaidizi wake waliona suti zinampwaya, wakampongeza pia, kwani nani atamwambia Waziri wa Kupungua kwamba ananenepa? Redioni alihutubia Taifa.

"Ndugu wananchi, mnalalamika kwamba mnapungua polepole. Mnakosa mapenzi! Mimi sikutembea, sikuacha nyama, sikuacha sukari. Nilimpenda Mtukufu tu, na suruali zinanidondoka. Huu ndio upungufu wa kizalendo!"

Wizara ikachapa picha yake ameshika kiuno cha suruali mbele kama mtu aonyeshaye mdomo wa mfuko. Zilibandikwa kila kona. Bi Sikudhani alibandika moja juu ya cherehani yake.

*

Siku ya Wepesi ilifika. Mtukufu alikuja, amebebwa na wanaume sita badala ya wanne wa mwaka uliopita. Wananchi walikuwa wakipungua kwa niaba yake, kwa hiyo mwili wake wenyewe haukuhusika.

Watu walipanda mzani mmoja mmoja. Wengi walikuwa wamepungua kweli, maana bei ya unga ilikuwa imeisaidia wizara sana. Zamu ya Bi Sikudhani ilipofika nilifumba macho. Hidaya alisimama pale pale pa siku ile, ameshika viatu.

Kilo tatu na nusu.

"Imepelea nusu!" Waziri alinguruma kwenye kipaza sauti. Hata sasa hakumjua kuwa ni fundi wake. Juu ya mzani aliona gunia tu. "Andika! Mzigo wa Taifa!"

Hidaya alikaa chini kwenye majani. Bi Sikudhani hakuteremka. Alipiga magoti juu ya mzani ule ule, akamgeukia Mtukufu.

"Mtukufu, nimeshindwa na nimekubali. Naomba kitu kimoja tu, nitiwe moyo. Mheshimiwa Waziri amepungua kuliko sote, tumemsikia redioni. Apande tumwone. Sisi tulioshindwa tukiona namba yake tutapata nguvu ya kuendelea."

"Apande!" mtu mmoja akasema nyuma, na uwanja mzima ukadakia. "Apande! Apande!"

"Panda, Kishindo," alisema Mtukufu. "Uwatie moyo."

Waziri hakuhitaji kubembelezwa. Kwa muda mrefu alikuwa akiitamani siku hii. Alivua koti, akavua viatu, akavua saa. Halafu, ili apate namba nzuri zaidi, akavua na mkanda, akabaki ameishika suruali kwa mkono mmoja. Alipanda akitabasamu.

Mpimaji alisogeza jiwe la kwanza, likashindwa. Akasogeza la pili. Akaenda kuazima la tatu kwenye lori la pamba. Kisha akasema namba kwa sauti ndogo, na Mtukufu akamwamuru aiseme kwa kubwa. Tangu kampeni ianze, Waziri alikuwa ameongezeka kilo ishirini na tisa.

"Mzani mbovu!" alipiga kelele Waziri.

Mtukufu aliinama mbele kitini.

"Mzani ni wa serikali, Kishindo. Unasema serikali ni mbovu?"

"La, Mtukufu! Mzani ni mzima! Mzima kabisa!"

"Basi umeongezeka."

"La, Mtukufu! Tazama suruali! Inapwaya!"

Mtukufu aliitazama suruali, akautazama mzani, akatutazama sisi tulivyobaki mifupa. Nitamsifu mpaka nife kwa swali alilouliza, maana ni la kwanza la maana kuulizwa na serikali katika maisha yangu.

"Wananchi wamepungua. Wewe umeongezeka. Kilo zao umezipeleka wapi?"

Mkalimani mzima aliyewahi kugeuza maneno ya daktari alikosa la kugeuza.

"Umezila," alisema Mtukufu. "Huyu mama imepelea nusu kwa sababu umeikalia wewe. Nusu yake mwandikieni Kishindo, mama apewe ruhusa yake. Na wewe, kwa sheria uliyoileta mwenyewe, ni Mzigo wa Taifa."

"Mtukufu, nihurumie! Nina familia!" Alikuwa bado juu ya mzani, ameishika suruali kwa mikono yote miwili sasa.

Bi Sikudhani aliinuka. Alikiokota kipaza sauti kilichoangushwa na Waziri, akakipangusa kwa ncha ya kanga. Alimtazama Hidaya kwanza. Kisha, kwa sauti safi, taratibu, bila kuruka cheo hata kimoja, alilitamka jina kamili la Mtukufu. Sitaliandika hapa, maana najua umeshika kitabu na sitaki ukiangushe.

Uwanja mzima ukainua mikono juu. Bwana Mdoe akainua, wabebaji wakainua, mimi nikainua.

Waziri alimtazama Bi Sikudhani, na hapo, nakuapia, akamkumbuka. Aliikumbuka kanga na cherehani, akalikumbuka na gunia. Lakini sheria ni sheria, na Mtukufu alikuwa anatazama. Akainua mikono yote miwili.

Suruali ilishuka bila kukwama popote. Ilikuwa kazi ya fundi mzuri. Tulicheka mpaka wale vijana wawili wa wizara wakakaa chini kwa kicheko, na safari hii hakukuwa na haja ya mtu kuangalia nani hacheki.

"Ndugu wananchi," alisema Bi Sikudhani kipazani, "gunia limefunguka."

*

Harusi ilifana. Bi Sikudhani alimtoa binti yake chumbani kwa mkono wake, amevaa gauni lile lile lililobanwa mara nyingi hata maua yake yalikuwa yamekutana ubavuni, na vigelegele vilipigwa mpaka mabati yakatetema. Alikula pilau sahani moja, akaacha ya pili.

Kwa sheria aliyoitunga Waziri mwenyewe, Mzigo wa Taifa hulelewa katika kata alimopimwa, kwa hiyo Kishindo anaishi kwetu sasa. Siku ya harusi alisimama nje ya ua akinusa. Kila alfajiri Bwana Mdoe humpitisha mbele ya dirisha la fundi kuelekea daraja la reli, filimbi nyuma, fimbo nyuma ya filimbi. Huu ni mwezi wa tatu na amepungua robo kilo. Kila akipita hunyoosha shingo dirishani.

"Bi Sikudhani, nisamehe! Ninakufa!"

Naye hunyanyua kikombe chake cha chai isiyo na sukari, akanywa. Juzi nilimwonea huruma yule bwana, nikamuuliza jirani yangu kama kweli hatamsamehe.

"Nitamsamehe, jirani," alisema, akikanyaga cherehani. "Ila polepole."